Safari ya meli ndogo Kusini-Mashariki mwa Alaska pamoja na mama wa miaka 71: naomba ushauri

Binti_Kibokoni (Minneapolis)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Minneapolis kutoka Mombasa, na atakuwa nami hadi mwisho wa Septemba. Ana miaka 71, na ni mzima wa afya isipokuwa goti la kulia ambalo humsumbua akipanda ngazi. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi la Lamu, mmoja wa wale waliokuwa wakipakia boriti za mikoko na kuzipeleka Ghuba ya Uajemi, wakiondoka na kusi na kurudi na kaskazi. Katika miaka yote hiyo mama hakusafiri naye hata safari moja. Kazi yake ilikuwa kuaga na kungoja.

Mwaka jana nilimtumia picha ya barafuto moja ya Alaska, yaani ule mto wa barafu unaoteremka polepole kutoka mlimani mpaka ukaingia baharini, na tangu siku hiyo hajaacha kuniuliza inakuwaje maji ya chumvi na mlima wa barafu vikakaa pamoja. Nimeweka akiba, na nimenuia kumpeleka mwezi wa Agosti akaone kwa macho yake.

Nimesoma kwamba pwani ile hutembelewa na meli za namna mbili: zile kubwa mno zenye abiria elfu kadhaa, na vyombo vidogo vya watu kumi na wawili hadi mia moja hivi, ambavyo hutia nanga usiku katika mahori, yaani ghuba nyembamba, yasiyo na mji wala barabara. Moyo wangu uko kwenye chombo kidogo, kwa sababu ningependa mama awe karibu na maji na si kwenye ghorofa ya kumi juu yake, lakini bei ni kubwa na sitaweza kuirudia safari hii mara ya pili. Naomba aliyewahi kwenda anieleze kama goti lake litahimili, kama viza yake ya kuingia Marekani mara moja tu inatosha, na vipi kuhusu chakula na sala, kwa maana nasikia kule kiangazi hakuna usiku.

Baharia_Mstaafu (Seattle)

Waalaikumu salaam, binti yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekula chumvi ya bahari katika meli za mizigo kwa miaka mingi, na tangu nilipostaafu nimeipita njia hiyo ya visiwani mara tatu, mara moja kwa meli kubwa na mara mbili kwa chombo kidogo.

Nianze na viza, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wengi hukwama. Meli kubwa zinazoondoka hapa Seattle karibu zote zimesajiliwa katika nchi nyingine, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza kuchukua abiria bandari moja ya Marekani na kuwarudisha nchini humo bila kugusa nchi ya kigeni njiani. Ndiyo maana husimama Victoria, Kanada, hata ikiwa ni kwa saa chache za jioni. Mwenye pasipoti ya Kenya akipanda meli hiyo atahitaji viza ya Kanada, na viza yake ya Marekani iwe ya kumruhusu kuingia tena. Vyombo vidogo vingi, kinyume chake, vimesajiliwa Marekani na vina mabaharia wa Marekani, kwa hiyo huweza kuanzia Juneau na kumalizia Sitka au Ketchikan bila kutoka nje ya nchi. Kwa viza ya mama yako, chombo cha namna hiyo kinakuondolea shida yote, mradi ndege yenu ipitie Seattle na si mji wa Vancouver, ulio Kanada. Juneau ni makao makuu ya jimbo, lakini hakuna barabara inayoiunganisha na miji mingine. Mtu hufika kwa ndege au kwa chombo cha majini.

Kuhusu barafu yenyewe, mahali panapostahili gharama yako ni Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa. Nahodha Mwingereza George Vancouver alipopita mwaka 1794, ghuba hiyo ilikuwa bado haijafunguka: barafu ilikuwa imeijaza karibu mpaka mlangoni. Mwandishi na mpenda maumbile John Muir alipofika mwaka 1879 aliikuta imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60, na leo chombo husafiri kiasi cha kilomita 100 ndani ya ghuba kabla ya kufika mwisho wake. Watu wa Huna, ambao ni Watlingiti, wenyeji wa asili wa pwani ile, walikuwa na vijiji vyao humo kabla barafu haijasonga mbele na kuwafukuza, na kumbukumbu hiyo wameihifadhi kwa mdomo kizazi hadi kizazi. Mwaka 2016 nyumba yao ya ukoo ilifunguliwa pale Bartlett Cove, kwenye mlango wa ghuba. Mwombe nahodha au mlinzi wa hifadhi awape nafasi ya kuingia humo, kwa sababu mama ataelewa mara moja maana ya nguzo zile zilizochongwa na ubao wa mbele wenye michoro.

Sasa nikuonye kwa jambo lililonipata. Mara ya kwanza nilipokata tiketi ya chombo kidogo, tangazo la kampuni ile, ambayo sitaitaja, lilikuwa na picha ya barafuto ya Margerie, iliyo mwisho wa Glacier Bay, kwenye ukurasa wa kwanza, nami sikuuliza zaidi. Siku ya pili baharini ndipo tulipoambiwa kwamba chombo hakina kibali cha kuingia Glacier Bay na kwamba barafu tungeiona mahali pengine. Tuliiona, na ilikuwa nzuri, lakini sicho nilichokilipia, na malalamiko yangu hayakuzaa kitu. Hifadhi ile huruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku na vyombo vya watalii vya ukubwa wa kati 3 tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, ulize kwa maandishi: je, safari ya tarehe hii ina kibali cha Glacier Bay, na je, chombo kitafika Tarr Inlet mwisho wa ghuba? Atakayezungukazunguka katika jibu lake, mwache.

Wengi walikuwa wakipelekwa Tracy Arm, kusini mwa Juneau. Mwezi Agosti 2025 ubavu wa mlima uliporomoka karibu na barafuto ya South Sawyer na kuinua wimbi kubwa sana ndani ya hori hilo, na tangu hapo meli nyingi huelekea hori la jirani, Endicott Arm. Nalitaja hili ili ujue kwamba ratiba ya pwani ile hubadilika kwa sababu za haki, na nahodha akisema leo hatuingii, usimnung'unikie.

Mama yako, akiwa mke wa nahodha, atapenda kuwaza juu ya maji ya kule. Kwetu Tanga bamvua, yaani siku za maji makubwa, hupandisha maji mita tatu na nusu hivi; Juneau tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 6. Hori moja linalotoka Endicott Arm lina mlango mwembamba, na maji yakiwa yanatoka au kuingia kwa nguvu hugeuka kuwa mteremko wa mto. Mwaka 1889 baharia mmoja aliyeitwa Ford aliingia humo kwa makasia maji yakiwa yametulia, kisha mkondo ukamfungia ndani kwa saa sita. Mpaka leo mahali hapo panaitwa Fords Terror, na vyombo vidogo huvizia maji yasimame ndipo viingie. Meli kubwa haiwezi kukuonyesha kitu kama hicho.

Na nyangumi! Wale wa nundu unaowasikia Watamu na Mafia kati ya Julai na Oktoba hutoka upande wa ncha ya kusi na huja kwetu kuzaa, wala hawali kitu cha maana wakiwa huko. Wa Alaska ni kundi jingine; wengi wao hukaa majira ya baridi Hawaii na kiangazi huja kula. Niliwaona katika Chatham Strait, wakizunguka chini ya kundi la samaki wadogo na kutoa mapovu yanayopanda kwa duara, mpaka samaki wakajikuta wamezingirwa kama walio ndani ya uzio, na kisha wale nyangumi wakapanda wote pamoja midomo wazi. Nahodha alikuwa amezima mashine. Sheria inataka chombo kisiwakaribie kwa chini ya yadi 100, nao wenyewe ndio walioamua kutusogelea.

Mwanakombo_T (Toronto)

Dada Binti Kibokoni, nakupongeza kwa nia yako. Mimi nilimpeleka shangazi yangu, aliyekuwa na miaka 68 wakati huo, kwa chombo cha abiria wasiofika 40, kwa hiyo nitasema ya ndani ambayo huenda ndugu zetu wanaume hawakuyaangalia.

Goti ndilo jambo la kulifikiria kwanza. Vyombo vidogo vingi havina lifti, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama. Vyumba vya bei nafuu mara nyingi viko chini, karibu na mashine, na sehemu ya kulia iko juu yake, kwa hiyo mtu wa chumba cha chini hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku. Lipia chumba kilicho kwenye sitaha moja na sehemu ya kulia, hata kama itakubidi upunguze siku za safari. Shangazi yangu alikuwa chini, na siku ya tatu alianza kukosa kifungua kinywa ili asipande ngazi. Niliumia kwa hilo, kwa kuwa lilikuwa kosa langu la kuangalia bei bila kuangalia ramani ya chombo.

Kutoka chomboni kwenda pwani mnatumia boti za mpira au mashua za bati zenye sakafu bapa. Kuingia humo kunatisha kuliko kulivyo. Baharia hakushiki kiganja. Anakushika mkono juu ya kifundo nawe unamshika vivyo hivyo, ili hata kama viganja vimelowa musiachane. Mwache mama azoee siku ya kwanza mahali penye maji matulivu. Aende kwa mashua, na si kwa matembezi ya msituni, kwa sababu msitu wa Tongass ni msitu wa mvua kwelikweli: magogo yaliyoanguka, matope, na mmea mmoja wenye miiba hadi kwenye majani, ambao mtu akiteleza huushika bila kukusudia. Vikundi katika maeneo ya msitu huo yaliyohifadhiwa kama pori haviruhusiwi kuzidi watu 12, na viongozi hutenga kundi la waendao polepole. Waambie mapema kwamba nyinyi ni wa kundi hilo.

Chakula hakikutupa taabu. Niliandika barua pepe miezi miwili kabla, nikaeleza kwamba hatuli nyama isiyochinjwa kwa sheria wala kitu kilichopikwa kwa mvinyo, na mpishi akatulisha samaki siku zote: samoni, halibati na kaa wakubwa wa kule. Shangazi alibeba ndimu, pilipili ya unga na chupa ndogo ya ukwaju, na kufikia siku ya nne meza ya jirani ilikuwa inamwomba.

Kuhusu sala, umesikia vizuri. Juneau iko nyuzi 58 kaskazini ya ikweta, na katikati ya Juni jua huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati yake mbingu haipati giza kamili, kiasi kwamba alama ya Isha haionekani. Masheikh wana njia zao za kukadiria, na ni vizuri mama amuulize sheikh wake kabla ya safari. Msafiri naye ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya. Lakini mkienda Agosti kama ulivyopanga, ila baada ya katikati yake, usiku wa kweli huwa umerudi, nanyi mtasali kwa saa zilizo wazi. Jambo lililomfurahisha sana shangazi ni kibla. Njia fupi kabisa ya kutoka Juneau kwenda Makka hupita karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwa hiyo kibla iko kaskazini, imeelemea mashariki kidogo tu. Na Mombasa pia kibla ni kaskazini! Alinyamaza kwa muda, kisha akatandika msala wake akielekea upande uleule aliouzoea maisha yake yote. Isipokuwa dira ya kawaida kule hupotoka sana, kwa hiyo kila asubuhi tulimuuliza nahodha kaskazini ya kweli iko wapi.

Agosti mvua ni nyingi kuliko Mei na Juni, na mchana joto huwa kama nyuzi 15 hadi 18. Mpe mama koti la mvua lenye kofia, suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nguo zake, na gambuti zinazomtosha akiwa amevaa soksi nzito. Mwavuli uache nyumbani. Kwa upande mwingine Agosti ndio wakati samoni wanapanda mito na dubu hushuka kuwavua, nasi tuliwaona wanne kwenye kijito kimoja cha kisiwa cha Admiralty, ambacho Watlingiti hukiita ngome ya dubu.

Kijana_wa_Kisauni (Anchorage)

Shikamooni wakubwa wangu. Nakubaliana na mengi, ila naomba niweke njia nyingine mezani, kwa sababu dada amesema ameweka akiba na hatairudia safari hii.

Chombo kidogo kwa wiki moja hugharimu dola elfu kadhaa kwa kila mtu. Ikiwa shabaha kubwa ya mama ni kuona barafu ikikutana na bahari, anaweza kuruka kutoka Juneau hadi Gustavus, safari ya ndege isiyofika nusu saa, alale kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi pale Bartlett Cove, na asubuhi apande boti ya siku moja inayokwenda mpaka mwisho wa ghuba na kurudi alasiri, ikiwa na mlinzi wa hifadhi ndani yake wa kueleza. Hakuna ngazi za usiku, na goti linapumzika kitandani nchi kavu. Siku zilizobaki mnaweza kuzunguka kwa feri za jimbo, ambazo zimekuwa zikihudumia miji ya pwani ile tangu mwaka 1963; wenyeji husafiri nazo pamoja na magari yao, watoto wao na mizigo yao ya sokoni, na katika njia ndefu kuna vyumba vya kulala.

Mtakachokosa ni usiku wa kutia nanga porini, na sitaki kukuficha kwamba hicho ni kitu kikubwa. Niliwahi kufanya kazi ya jikoni katika chombo kidogo kwa msimu mmoja. Usiku, mashine ikizimwa, vipande vya barafu vilivyokuwa vikielea karibu nasi vilikuwa vinatoa sauti ya kuchachatika mfululizo, kama mafuta ya bajia yanapoanza kushika moto, na mwanzoni nilidhani kuna kitu kimeachwa jikoni. Ni hewa iliyofungiwa ndani ya theluji tangu ilipoanguka mamia ya miaka iliyopita, na inatoka kidogo kidogo barafu inapoyeyuka. Boti ya siku moja nayo huzima mashine mbele ya Margerie, lakini haikai usiku.

Binti_Kibokoni (Minneapolis)

Mungu awalipe kheri nyote. Jana usiku nimemsomea mama majibu yenu tangu mwanzo hadi mwisho. Kuhusu kibla alisema tu "Alhamdulillahi", na akaniomba nimsomee tena sehemu hiyo. Boti ya siku moja ameikataa. Anasema amengoja nchi kavu vya kutosha na sasa anataka kulala ndani ya chombo. Nimeshaandikia kampuni mbili kuuliza kibali cha Glacier Bay na chumba kilicho kwenye sitaha ya kulia, kwa wiki ya mwisho ya Agosti.

Ana swali moja ambalo mimi sikuweza kulijibu. Aliposikia kwamba maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, aliuliza jinsi wanavyofunga chombo gatini bila kamba kukatika maji yakipwa, na yeye atapandaje.

Baharia_Mstaafu (Seattle)

Mwambie mama swali lake ni la mke wa nahodha, na lina faida kwa goti lake kuliko yote tuliyoandika hapa.

Gati za vyombo vidogo kule zinaelea. Zimeshikwa na nguzo ndefu zilizopigiliwa chini, na gati zima hupanda na kushuka pamoja na maji, chombo kikiwa kimefungwa kwake, kwa hiyo kamba haisikii tofauti yoyote. Kinachobadilika ni daraja la kutoka nchi kavu kwenda kwenye gati. Maji yakijaa, daraja hilo huwa karibu tambarare na mtu hulitembea kama baraza. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, huinama kama paa la makuti, na mvua ikinyesha huteleza. Tazama jedwali la maji ya Juneau la siku mtakayoondoka, kisha iombe kampuni impandishe mama katika muda wa saa moja au mbili kabla au baada ya maji kujaa, hata kama wenzake watapanda baadaye. Wamezoea kuombwa hivyo na hawatakataa. Mkifika Sitka au Ketchikan fanyeni vivyo hivyo wakati wa kushuka.

Na mkiingia Tarr Inlet, Margerie itakuwa upande wa kushoto, ukuta wa barafu wenye upana wa kilomita moja na nusu hivi, unaosimama kiasi cha mita 75 juu ya maji. Mkalishe mama omo, yaani mbele ya chombo, upande huo mapema, amefunikwa blanketi, kabla wengine hawajajaa. Mwambie asisubiri sauti ndipo atazame, maana barafu huwa imekwisha kuanguka wakati sauti inapomfikia. Aukazie macho ukuta mahali panapodondosha vipande vidogo vidogo, na asiyaondoe hapo.